TB iliyojificha: kipimo cha damu kinaona nini?

Mchimbaji anayevuta vumbi la mawe kwenye maduara ya dhahabu ya Buhemba, wilayani Butiama, mkoani Mara, anaweza kuwa na vimelea vya kifua kikuu mwilini na asikohoe kabisa. Kinga ya mwili imevizingira, vimetulia. Haumwi, wala hamwambukizi mtu. Inakadiriwa kuwa robo ya watu duniani wana maambukizi ya namna hii. Katika kila 100 kati yao, 5 hadi 10 huja kuugua, mara nyingi ndani ya miaka 2 ya mwanzo. Kwa mwenye VVU, au ambaye mapafu yake yameharibiwa na vumbi la silika, hatari ni kubwa zaidi.

Kipimo cha damu hakitafuti kimelea chenyewe. Damu huwekwa kwenye mirija yenye protini za kimelea cha TB, kisha hukaa kwenye joto la nyuzi 37 kwa saa 16 hadi 24. Chembe nyeupe zilizokwisha kukutana na kimelea huzitambua protini hizo na kutoa kemikali iitwayo intaferoni-gama, na maabara hupima wingi wake. Protini hizo hazimo katika chanjo ya BCG wanayopewa watoto wetu wanapozaliwa, kwa hiyo chanjo haivurugi majibu. Kipimo cha zamani cha ngozi, Mantoux, kinaweza kuvurugwa nayo. Tena aliyechomwa sindano hiyo hana budi kurudi baada ya saa 48 hadi 72 ili uvimbe upimwe, na kwa mvuvi wa mwambao wa Bunda huko kurudi ni nauli nyingine na siku ya kazi iliyopotea.

Lakini kipimo cha damu nacho kina masharti. Kinahitaji maabara, umeme usiokatika na fedha. Zaidi ya hayo, hakitofautishi TB iliyotulia na TB inayoumiza. Utafiti uliofanyika Mwanza, jirani zetu, na kuchapishwa mwaka 2009, uliwapima wagonjwa waliokwisha kuthibitishwa kuwa na TB ya mapafu. Wapo ambao kipimo kiliwakosa, na kadiri chembe za kinga ziitwazo CD4 zilivyoshuka kwa wenye VVU ndivyo kilivyozidi kushindwa. Kinga iliyochoka haina nguvu ya kujibu swali la maabara.

Ndiyo maana anayekohoa, mwenye homa, anayetoka jasho usiku au anayekonda asiombe kipimo hiki. Apeleke makohozi yakapimwe kwa mashine ya GeneXpert. Huduma za TB katika vituo vya serikali ni bure.

Wachimbaji wenye ugonjwa wa mapafu wa vumbi ni miongoni mwa watu ambao Shirika la Afya Duniani linataka wapimwe maambukizi haya kwa utaratibu maalumu. Kama kuna mahali mkoani Mara ambapo gharama ya kipimo cha damu ina haki ya kubebwa, kwangu mimi ni huko machimboni.

Kwa mwenye VVU, na kwa mtoto wa chini ya miaka 5 anayeishi na mgonjwa wa TB, shirika hilo halilazimishi kipimo. Mtoto wa Musoma ambaye baba yake amegundulika leo apelekwe kituoni wiki hii hii. Akichunguzwa na kuonekana hana ugonjwa, aanzishiwe dawa kinga bila kusubiri majibu ya damu.