Si Kila Asiye Mkatoliki ni Mfuasi wa Calvin

Katika jumuiya ndogondogo, Musoma hata Bunda, husikika maneno haya: “Waprotestanti wote wanaamini Mungu alishapanga nani ataokoka na nani atapotea.” Si kweli, na tukiyarudia tunawasingizia majirani zetu.

Aliyefundisha hivyo kwa ukali ni John Calvin (1509–1564), Mfaransa aliyefanya kazi Geneva. Alisema kwamba Mungu, kwa mapenzi yake tu, aliwateua wengine kwa uzima na wengine kwa upotevu. Alitaka kulinda ukweli ambao nasi tunaukiri, kwamba hakuna anayejiokoa kwa nguvu zake. Lakini je, uhuru wa mtu unabaki na nafasi gani?

Mtakatifu Thoma wa Akwino alikwisha kujibu karne tatu kabla: Mungu husukuma kila kiumbe kadiri ya maumbile yake, hivyo humvuta mtu bila kumnyang’anya uhuru. Mwaka 1547 Mtaguso wa Trento ulifundisha kwamba neema hututangulia, lakini mtu aweza kuipokea au kuikataa.

Nje ya Kanisa letu pia wapo waliomkataa Calvin. Wamennonite, waliofika Shirati mwaka 1934, wanatokana na Menno Simons, padre wa Uholanzi aliyeacha Ukatoliki mwaka 1536. Wao humbatiza anayeweza kuikiri imani kwa hiari yake. Calvin mwenyewe aliandika kitabu kuwapinga watu wa mkondo huo mwaka 1544. Wapentekoste wengi nao wamepokea mengi kutoka kwa John Wesley, aliyelipinga waziwazi fundisho la uteuzi huo. Kuhusu ubatizo wa watoto tunatofautiana nao. Kuhusu uhuru wa kuitikia wito wa Mungu tuko karibu.

Hapa kwetu mfano upo. Mwalimu Nyerere wa Butiama alibatizwa mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 21. Neema ilimtangulia, naye akaitikia.

Padre Laurenti Magesa wa Jimbo la Musoma, aliyefariki mwaka 2022, alituachia njia nyingine ya kulitazama jambo hili. Katika kitabu chake cha 1997 kuhusu dini ya Kiafrika alionyesha kwamba kwa wazee wetu jema ni lile linalokuza uzima, na baya ni lile linaloupunguza. Uzima huo hujengwa pamoja, na kila mmoja anawajibika.

Basi tujichunguze na sisi. Kijana akizama katika pombe, mara ngapi tunasema “ndivyo alivyoandikiwa”, kisha tunaacha kumtembelea? Hapo tunaiishi imani ambayo Mtaguso wa Trento uliikataa, huku tukimnyooshea kidole Mmennonite asiyeiamini. Kama neema bado inabisha hodi kwake, nasi hatujaruhusiwa kuondoka mlangoni.