Tairi Linasema Gari Linaumwa Wapi

Wanangu, leo nawasimulia habari za tairi, na naanzia hapa hapa Madaba, kwenye barabara kuu itokayo Songea kwenda Njombe na Makambako. Malori yenye makaa ya mawe kutoka Mbinga hupita hapa yakiitafuta milima ya Lukumburu, ambako lami inajikunja kona juu ya kona. Dereva akibana breki mteremkoni mpaka gurudumu likagoma kuzunguka, tairi huburuzwa na kulika mahali pamoja tu. Baka lile mtu yeyote huliona. Mengine yanataka jicho.

Chukulieni Noah inayobeba abiria kati ya Madaba na Wino. Tairi la mbele kushoto limeisha upande wa ndani hadi waya zinachungulia, ilhali upande wa nje kashata, yaani matuta ya mpira yanayokanyaga barabara, bado zimesimama. Mwenye gari ananunua jingine, anafunga, anaondoka. Haipiti miezi mingi, na hilo nalo limekwisha vilevile. Analilaumu tairi, eti la bei rahisi. Mimi nasema tairi halina kosa. Tazameni kandambili za mtu anayekanyagia upande: hata akinunua mpya, zitalika pale pale.

Fundi anayejua kazi hakimbilii dukani. Anapitisha kiganja juu ya kashata polepole, kutoka nje kwenda ndani, kisha anakirudisha. Kikiteleza kwenda na kukwaruzwa kurudi, ujue magurudumu hayatazami mbele sawasawa, na tairi linasuguliwa kiubavu kila linapozunguka. Gari hilo linataka alaimenti. Lakini subirini! Kwanza analipandisha kwa jeki na kuliegemeza kwenye stendi. Anashika tairi juu na chini, analitikisa. Likicheza, anashuku boli jointi au beringi. Anashika kushoto na kulia. Likicheza, anaangalia tairodi. Kufanya alaimenti wakati boli jointi imelegea ni kutupa hela, maana vipimo vitahama kwenye shimo la kwanza tu.

Upepo nao una alama zake. Tairi lenye upepo mdogo hulika kingo zote mbili, katikati kukabaki. Likijazwa kupita kiasi, katikati ndiko huisha. Kiasi sahihi kimeandikwa kwenye kibandiko, mara nyingi kando ya mlango wa dereva, na hupimwa kwa geji gari likiwa halijatembea na tairi ni la baridi. Kupiga tairi teke si kipimo. Upepo mdogo ndio ninaouogopa zaidi: tairi hujikunja kila mzunguko na kupata joto, na joto hilo likikutana na abiria waliojazana, tairi hupasuka mwendoni.

Mkiona vishimo vishimo kuzunguka tairi, shukuni shokapu zilizochoka, wakati mwingine balansi.

Na kwa nini tuhangaike na kashata? Ile mifereji kati yake ndiyo njia ya maji. Mvua za Desemba hadi Aprili zikimwagika, tairi kipara hushindwa kuyasukuma maji pembeni, linapanda juu yake, na dereva anazungusha usukani gari lisimtii. Ndani ya mifereji viwanda huweka vinundu vidogo vya mpira. Kashata zikilika hadi kulingana navyo, zimebaki milimita 1.6, na tairi hilo limemaliza kazi.

Upande wa ndani wa tairi ndio unaosahaulika, kwa kuwa haumkabili anayelizunguka gari. Basi mkiwa stendi, gari limezimwa na dereva amewaruhusu, inameni mtazame huko. Mkiona waya, mwambieni kabla hajapakia watu, na msione aibu kukataa kupanda.