Boneti ya gari nayo ni siasa: uzi kuhusu ajali, lawama na anayetembea kwa miguu

1/ Wanaofuata uzi huu mnajua kanuni zake: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachukua hoja iliyotamba kwenye midahalo, tunaifungua tuone ndani mna nini. Leo ni ile hoja ya ajali, "wananchi wajifunze kuvuka barabara." Nitaipitia kupitia kitu ambacho hakuna mgombea hukitaja: boneti ya gari. Subirini, mtaona inafika wapi.

2/ Kwanza kilichonisukuma kuandika. Binamu yangu aligongwa akitoka shule, karibu kabisa na mtaa wetu. Alikuwa darasa la sita. Gari lilikuwa pikapu yenye yale mabomba ya chuma mbele, bulbaa. Dereva hakuwa amelewa, na walioona walisema hata kasi haikuwa ya kutisha. Kijana aliishi, tunamshukuru Mungu, lakini hadi leo akisoma nusu saa kichwa kinamuuma, anafunga kitabu. Ripoti ikasema mtoto alivuka ghafla. Mambo yakaishia hapo.

3/ Na pengine ni kweli alivuka ghafla. Watoto huvuka ghafla, ndio utoto huo. Ila juzi tukiwa hosteli tunatazama mdahalo, mtu mmoja jukwaani akasema tatizo letu ni nidhamu ya watembea kwa miguu, na ukumbi ukapiga makofi. Nikabaki najiuliza: kwani kwenye ajali kuna dereva na anayevuka pekee? Gari lenyewe halina swali la kujibu?

4/ Ukubwa wa jambo lenyewe. Miaka ya karibuni Kenya imekuwa ikipoteza zaidi ya watu 4,000 kila mwaka barabarani, na kundi kubwa kuliko yote ni watembea kwa miguu, zaidi ya theluthi. Si abiria wa matatu, si waendesha bodaboda. Ni mtu anayeenda dukani. Duniani, ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya 2023 ilikadiria vifo milioni 1.19 kwa mwaka, na zaidi ya mmoja kati ya kila watano alikuwa kwa miguu.

5/ Sasa tuingie kwenye gari. Mtu mzima akigongwa na gari dogo, mara nyingi haanguki mbele ya gari. Bampa inampiga mguuni, nyonga inafika kwenye ukingo wa boneti, mwili unapinduka juu yake, na mwisho kichwa kinatua kwenye boneti au kioo cha mbele. Yote hayo kabla sekunde moja haijaisha. Kwa hiyo swali la uhai na kifo mara nyingi ni hili: kichwa kimetua juu ya nini?

6/ Fikiria kuanguka kwenye godoro na kuanguka kwenye saruji. Urefu ni uleule, tofauti ni nafasi unayopewa ya kusimama. Kilomita 35 kwa saa ni kama kuanguka kutoka urefu wa karibu mita 5. Boneti ikibonyea sentimita 7, kichwa kinasimama taratibu kidogo. Ikibonyea sentimita 2 tu halafu ikagota, nguvu inayokipiga kichwa ni mara tatu na nusu. Sentimita 5 ndizo zinazotenganisha mtu wa kushonwa na mtu wa kuzikwa.

7/ Ikigota kwenye nini? Hapo ndipo shida ilipo. Bati la boneti lenyewe ni jepesi. Kinachoua kiko chini yake: injini, betri, sehemu ya juu ya shokomzoba, bawaba za boneti, vyuma vinavyozungusha waipa. Gari la zamani lilipangwa ili kila kitu kitoshee vizuri, boneti ikiwa karibu kugusa injini. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Ni kwamba hakuna aliyekuwa amepewa kazi ya kufikiria kichwa cha mtu wa nje.

8/ Wahandisi wanajua kurekebisha. Unaacha nafasi kati ya boneti na injini. Unaunda mbavu za ndani za boneti ziwe zinakunjika badala ya kusimama imara kama boriti. Unatengeneza bawaba na vyuma vya waipa vinavyolegea au kuvunjika vikipigwa. Na kama gari ni la chini halina nafasi, unaweka vitambuzi kwenye bampa: vikihisi mguu wa mtu, nyuma ya boneti inainuka yenyewe kabla kichwa hakijafika. Volvo V40 ya 2012 iliongeza hata mfuko wa hewa unaofunika sehemu ya chini ya kioo, nje ya gari.

9/ Na inapimika. Kanuni ya Umoja wa Mataifa ya 2008, inayoitwa GTR Namba 9, inatumia vichwa bandia: cha mtoto kilo 3.5, cha mtu mzima kilo 4.5. Vinarushwa kwenye boneti kwa kilomita 35 kwa saa, na vifaa vilivyo ndani vinasoma kishindo. Matokeo yanageuzwa kuwa namba moja inayoitwa HIC. Namba ikipanda, hatari ya ubongo kuumia inapanda. Mpaka mkuu uliowekwa ni 1,000.

10/ Hadi hapa ni ufundi mtupu. Siasa inaanzia kwenye swali moja dogo: nani analipia hizo sentimita 5? Mnunuzi wa gari anauliza mikanda na mifuko ya hewa kwa sababu ndani atakaa yeye na watoto wake. Mtu atakayegongwa hajaingia dukani, hajashika bei, hana risiti. Si mteja wa yeyote. Soko haliwezi kusikia sauti ya mtu ambaye hanunui, ndiyo maana jambo hili likafika bungeni. Darasani tunaambiwa gharama inayotupwa kwa mtu wa tatu. Mtaani tunasema umekula wewe, analipa jirani.

11/ Ulaya wameshapita njia hii. Watafiti walikuwa na vipimo tangu miaka ya 1990 mwanzoni, lakini sheria haikuja. Tangu 1997 mpango wa Euro NCAP ukawa unatangaza hadharani gari gani linamlinda mtembea kwa miguu na lipi halimlindi. Mwaka 2001 watengenezaji wakasema, tuachieni, tutajirekebisha kwa hiari. Bunge la Ulaya likakataa kuishia kwenye ahadi, likataka sheria. Agizo likapitishwa 2003, na aina mpya za magari zikaanza kubanwa nalo Oktoba 2005. Kumbuka mtindo huo, utausikia sana kwenye midahalo ya hapa: "tutajisimamia wenyewe."

12/ Lakini msidhani ilikuwa ushindi safi. Ile GTR Namba 9 haisemi boneti yote iwe laini. Inasema theluthi mbili za eneo linalopimwa zisivuke HIC 1,000, na theluthi iliyobaki inaruhusiwa kufika 1,700. Kwa nini? Kwa sababu kuna sehemu, kama kwenye bawaba na kingo, ambazo ni ngumu na ghali kulainisha. Watu wakakaa mezani wakakubaliana. Ile theluthi ni maafikiano, ni siasa iliyochorwa juu ya bati. Kichwa chako kikitua kushoto kidogo au kulia kidogo, kinatua kwenye maafikiano hayo.

13/ Marekani nayo ilichelewa. Ni Septemba 2024 tu ambapo mamlaka yao ya usalama barabarani, NHTSA, ilipendekeza kanuni ya aina hiyo. Huku nyuma magari yao yalizidi kuwa marefu kwa mbele. Utafiti wa taasisi ya IIHS wa 2023 ulikuta kwamba gari lenye boneti ya zaidi ya sentimita 100 hivi kutoka chini lina uwezekano wa karibu asilimia 45 zaidi wa kumuua anayegongwa, likilinganishwa na lenye boneti ya sentimita 76 au chini iliyoinama. Vifo vya watembea kwa miguu huko vilitoka takriban 4,100 mwaka 2009 hadi zaidi ya 7,500 mwaka 2022. Sababu ni nyingi, lakini umbo la gari ni mojawapo.

14/ Sasa turudi nyumbani. Magari mengi tunayonunua ni mitumba kutoka Japani. Kiwango chetu KS 1515 kinataka gari lisizidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza, na usukani uwe kulia. Japani ilianza kudai ulinzi wa kichwa cha mtembea kwa miguu mwaka 2005, kwa aina mpya za magari. Unaona kilichotokea? Yule mama anayevuka Githurai, kama atagongwa na gari dogo lililotoka Japani, huenda analindwa na uamuzi uliofanywa Tokyo. Sisi hatukuupigia kura, hatukuujadili, na wengi wetu hatujui kwamba upo.

15/ Na kwa kuwa hatujui upo, tunauharibu kwa mikono yetu. Gari linafika bandarini na uso uliopangwa kubonyea. Mwenyewe analipeleka kufungwa bulbaa, mabomba ya chuma yasiyobonyea hata kidogo, ili bampa isikwaruzwe kwenye foleni. Kwa mtu mzima chuma hicho kinafika nyonga. Kwa mtoto wa darasa la sita kinafika kifuani au kichwani, kabla hata boneti haijapata nafasi ya kufanya kazi yake. Ulaya walitoa agizo mwaka 2005 kwamba vizuizi vya mbele vinavyouzwa kwa magari ya aina hiyo lazima vipimwe kwanza kama vinamlinda mtu wa nje. Zile chuma ngumu za kawaida hazipiti.

16/ Siwezi kuapa kwamba bila bulbaa binamu yangu angeinuka akapangusa vumbi. Huenda angeumia vilevile. Ninachosema ni kwamba siku ile watu waliuliza dereva alikuwa wapi, mtoto alikuwa wapi, breki zilishika au hazikushika. Hakuna aliyeuliza kile chuma kilikuwa kinafanya nini pale mbele, kimewekwa kumkinga nani.

17/ Haki ya upande wa pili pia tuiseme. Moja, boneti haifanyi miujiza. Imepimwa kwa kilomita 35 kwa saa. Sheria yetu ya mjini ni 50, na tunajua usiku watu wanakimbia ngapi. Hakuna boneti itakayokuokoa kwa 90. Mbili, matuta, taa za barabarani na njia ya miguu isiyogeuzwa kuwa soko au maegesho vinaokoa watu wengi, na hivyo tunaweza kuvijenga wenyewe. Tatu, kila sharti jipya kwa magari yanayoingizwa hupandisha bei, na kuna familia ambayo gari hilo moja ndilo biashara yao. Hoja hizi ni za kweli. Anayezitoa asizomewe, ajibiwe.

18/ Kisha kuna pengo ambalo hata sheria za nje hazizibi. Kanuni hizi ziliandikwa kwa magari madogo na pikapu nyepesi. Mabasi na malori hayamo. Na vani za biashara zenye uso bapa, ambapo dereva hukaa karibu kabisa juu ya magurudumu ya mbele, zilisamehewa kwa kiasi kikubwa. Angalia stejini kwako. Matatu ya abiria 14 ina boneti ya kiganja tu. Magari yanayopita karibu zaidi na umati wetu ndiyo ambayo mkataba wa dunia uliyaruka. Pengo hilo hatutazibiwa na Tokyo wala Brussels.

19/ Mjadala wa magari hapa kwetu nauona una meza yenye viti vitatu. Waunganishaji wa magari nchini wanazungumza ajira. Waagizaji wa mitumba wanazungumza bei. Serikali inazungumza ushuru. Wote wana haki ya kuzungumza. Kiti cha nne, cha anayetembea, hakipo, na yeye akitajwa anatajwa kama mkosaji. Ndiyo maana lile neno "nidhamu" linanikera. Halidanganyi, ila linafunga mazungumzo mapema.

20/ Kwa hiyo mdahalo ukija kaunti yenu, chukua maikrofoni uulize haya. Je, bulbaa ngumu ziendelee kufungwa kwenye magari yanayoingia mitaani na shuleni bila kipimo chochote? Je, viwango vya magari yanayoingizwa na yanayounganishwa hapa vitaje wazi ulinzi wa mtu wa nje, au tuendelee kutegemea bahati ya Japani? Je, ripoti ya ajali iandike mbele ya gari palikuwa na nini, ili mwaka ujao tubishane kwa takwimu zetu wenyewe? La mwisho halihitaji pesa nyingi. Linahitaji mstari mmoja kwenye fomu.

21/ Na kama gari la nyumbani lina bulbaa, simtukani mtu. Mjomba wangu anayo, tumeanza kuongea naye. Alisema ya kwanza: "Lakini italinda gari." Nikamwambia ndiyo mjomba, italilinda. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza kuivua ni pesa ngapi.

Wiki ijayo: kwa nini kila kampeni ina ahadi ya barabara na si ya njia ya miguu. Maswali leteni hapa chini, nitajibu nikitoka darasani.