Chai ya kutuliza moyo yaweza kuvuruga dawa zako

Na DAKTARI WETU

Wakazi wa mijini wanaokesha wakiwaza karo, kodi ya nyumba na kazi isiyo na uhakika wamepata kimbilio: chai ya mitishamba. Ingia katika maduka makubwa ya Nairobi au Mombasa nawe utakuta pakiti zimepangwa kwenye rafu, nyingine zikiahidi usingizi mtamu, nyingine utulivu wa moyo. Mnunuzi hujiambia kwamba haya ni majani tu, hayana kemikali.

Hapo ndipo anapokosea. Chochote kinachobadili hali ya moyo wa binadamu kina kemikali ndani yake, kiwe kimetoka kiwandani au shambani. Chai yetu ya Kericho hutuchangamsha asubuhi kwa sababu ya kafeini. Miraa nayo, ambayo nguvu zake zatokana na kathinoni, ni majani vilevile.

Hata hivyo, nyingi ya chai hizi hazina neno. Kikombe cha kamomaili kabla ya kulala hakimdhuru mtu, ila yule ambaye mwili wake huchukia chavua ya maua ya jamii ya alizeti. Valeriani huwaletea usingizi baadhi ya watu, ingawa tafiti kuihusu hazijakubaliana. Dereva asiinywe akitaka kushika usukani, wala mtu asiichanganye na pombe au tembe za usingizi.

Inayonitia wasiwasi ni ile ya mmea uitwao St John's wort. (Kwenye miteremko ya Mlima Kenya kuna kichaka chenye maua ya manjano kama hayo, huyo ni nduguye tu, si mwenyewe.) Asili yake ni Ulaya, na kule Ujerumani madaktari wamewaandikia wagonjwa wa huzuni kwa miaka mingi. Wala si ubahatishaji. Mwaka 2008 shirika la Cochrane lilichapisha uchambuzi wa tafiti 29, ambao ulionyesha kwamba dawa iliyokamuliwa kutoka mmea huo iliwasaidia wagonjwa wa sonona isiyo kali kuliko tembe tupu, na kwa kiasi kinachokaribiana na dawa za kawaida za ugonjwa huo. Kwa hivyo siwacheki wanaoutumia.

Shida iko kwenye ini. Ndani ya mmea huu mna kemikali iitwayo haipaforini, nayo hulichochea ini kutengeneza kwa wingi vimeng'enya vya kuvunjavunja dawa. Ni kama jiko lililoongezewa makaa: dawa uliyomeza asubuhi, iliyokusudiwa kukutosha hadi kesho, inateketea mapema.

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani waligundua kwamba mmea huu ulipunguza kwa zaidi ya nusu kiasi cha indinavir, dawa ya virusi vya HIV, katika damu ya watu waliojitolea. Indinavir ni ya zamani, lakini hata dolutegravir, ambayo Wakenya wengi wanaoishi na virusi hivyo huimeza kila siku, hupunguzwa nguvu. Mwaka huo huo, mjini Zurich, wagonjwa wawili waliopandikizwa moyo walianza kuukataa moyo huo baada ya kutumia mmea huu. Na mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitoa onyo baada ya ripoti za wanawake wawili kushika mimba ilhali walikuwa na vijiti vya kupanga uzazi mkononi. Tembe za kupanga uzazi nazo huathirika.

Ni kweli kwamba haipaforini haiyeyuki vizuri majini, kwa hivyo chai ni hafifu kuliko vidonge. Lakini mtu asiyeona nafuu kwa kikombe kimoja hunywa vinne, kisha huhamia vidonge vya mmea ule ule akidhani ni jambo moja. Nikiwauliza wagonjwa wangu wanatumia dawa gani, hutaja za hospitali tu, chai hawaihesabu.

Anayetumia dawa za sonona kama fluoxetine asiuguse mmea huu kabisa. Viwili hivyo vikikutana, mtu aweza kutetemeka, kutokwa na jasho na moyo kumwenda mbio, naye apelekwe hospitali mara moja.

Kava, mzizi kutoka visiwa vya Pasifiki, ina kisa chake: Ujerumani iliiondoa sokoni mwaka 2002 kwa sababu ya madhara ya ini, ingawa mahakama ilibatilisha uamuzi huo mwaka 2014. Mwenye ugonjwa wa ini au mnywaji wa pombe aiepuke.

Ukiwa unakunywa chai ya aina hii pamoja na dawa yoyote, njoo na pakiti yenyewe kwa daktari. Ukiacha, ini huchukua wiki mbili hivi kurudia hali yake. Mwenye tembe au vijiti atumie kondomu hadi mwezi mzima upite. Anayetumia warfarin asiache ghafla kabla ya kupimwa damu, kwani dawa iliyokuwa ikiteketea itaanza kujaa mwilini, na aweza kuvuja damu.