Aliyerudia Kikombe

Leo twazungumza na yule ndugu wa Kaptagat aliyeacha pombe, akakaa miezi mitatu, kisha akaonja tena. Twazungumza pia na sisi tuketio naye kanisani.

Wengi hudhani kuanguka huanza kinywani. Sivyo. Huanza siku ya malipo ya maziwa: fedha zi mfukoni, amechoka, ana njaa, asubuhi amegombana nyumbani, na njia yake yapita karibu na nyumba ya chang'aa. Basi matayarisho nayo yaanze mapema. Ale kabla ya kutoka. Apite njia nyingine, hata kama ni ndefu. Kwenye sherehe ya posa ashike mapema kikombe cha mursik, maana mkono uliokwisha kushika kikombe ni vigumu kuupa kingine. Na hamu ikimjia, ajue kwamba hupanda kama kilima, kisha hushuka. Mara nyingi nusu saa yatosha. Nusu saa hiyo aende kwa mtu, asikae peke yake.

Mambo haya hufundishika. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2011 ulihusu wanywaji 75 waliotibiwa UKIMWI mjini Eldoret. Baadhi yao walikutana mara 6, wiki kwa wiki, wanaume mbali na wanawake mbali, wakiongozwa na watu wa kawaida waliofunzwa kazi hiyo, si madaktari. Siku 90 baadaye, asilimia 69 ya waliofundishwa walisema hawanywi; kwa wenzao ilikuwa 38. Lakini angalieni: hata miongoni mwa waliofundishwa, karibu watatu katika kila kumi walikuwa hawajaacha.

Hao tuwafanyeje? Alan Marlatt wa Marekani, aliyetoa pamoja na Judith Gordon kitabu juu ya jambo hili mwaka 1985, alieleza kwamba baada ya kikombe cha kwanza mtu hujiambia amekwisha kuharibika, basi na anywe tu. Aibu ndiyo imleteayo kikombe cha pili. Nasi huiongeza. Kumtenga ndugu Jumapili ileile, kwa maoni yangu, ni kumsindikiza hadi mlango wa chang'aa. Mithali 24:16 yamtaja mwenye haki mwenyewe kuwa ni mwenye kuanguka, tena mara saba!

Henry Rono wa Nandi, jirani zetu, alivunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978. Pombe ilimsumbua miaka mingi baadaye, naye alisema hivyo waziwazi kabla ya kufariki mwaka 2024. Miguu yenye nguvu haikumkinga.

Jambo moja la hatari: anywaye kila siku hata mikono ikatetemeka akikosa, asiache ghafula nyumbani. Aweza kupata kifafa, hata kufa. Apelekwe hospitali kwanza.

Na yule aliyerudia, mzee wa kanisa amtembelee wiki hiyohiyo, anywe chai naye, amwulize kwa upole: siku ile ilikuwaje kabla ya kikombe?