Tambi Zina Majina Mengi, Wanga ni Ule Ule

Msomaji, ukiingia katika supamaketi mjini Kutus utakuta rafu ya tambi ambazo majina yake hayatamkiki kwa urahisi. Spageti na makaroni tumezizoea. Lakini penne, fusilli na farfalle ni nini? Wagonjwa wa kisukari huniuliza ni ipi kati ya hizo isiyopandisha sukari. Baadhi yao wamekwisha kuacha wali wa pishori wa hapa Mwea jirani, wakahamia tambi wakiamini kuwa wameikwepa hatari.

Waitaliano huziita zote pasta. Wao si wageni sehemu hizi za Mlima Kenya, kwani wamisionari wa Consolata kutoka Turin walifika nchi ya Wagikuyu mwaka 1902. Jina la kila tambi hueleza umbo lake tu. Spaghetti ni vijikamba. Vermicelli, zile nyembamba ambazo ndugu zetu wa pwani hupika kwa sukari na tui la nazi, maana yake ni vijinyoo (usiwaambie watoto wakiwa mezani). Penne ni kalamu za unyoya, ndiyo sababu ncha zake zimekatwa mshazari. Farfalle ni vipepeo, conchiglie ni makombe ya baharini, linguine ni vijilimi. Fusilli zimejisokota kama parafujo.

Hizo zote kwa kawaida ni unga wa ngano na maji, basi. Umbo halibadilishi chakula. Kikombe kimoja cha spageti iliyoiva kina wanga wa gramu 40 hadi 45 hivi, na kikombe cha wali hakiko mbali na hapo. Ukila vikombe vitatu vya vipepeo umekula wanga mwingi, hata kama vilipendeza machoni.

Hata hivyo, tambi zina sifa moja njema. Zile za ngano ngumu, ambayo kwenye pakiti huandikwa "durum", zina protini iliyoushika wanga kama wavu, kwa hiyo tumbo huusaga polepole na sukari hupanda taratibu kuliko kwa mkate mweupe. Nchini Italia sheria ya mwaka 1967 iliagiza tambi kavu zitengenezwe kwa ngano hiyo. Faida hii hupungua ukizichemsha hadi zikawa uji, jambo ambalo wengi wetu hufanya. Ziepue zikiwa bado zina ugumu kidogo chini ya jino. Pakiti ya gramu 400 iwatoshe watu watano, na usitie viazi ndani kisha ukaweka chapati kando. Weka ndengu, maharagwe au nyama kidogo, na sukuma wiki kwa wingi.

Kuna umbo moja ambalo ni lazima ulitambue. Orzo, maana yake shayiri, hufanana sana na punje za mchele, na hata mtu aliyezaliwa Mwea anaweza kudanganyika zikiwa zimepikwa kwenye supu. Orzo ni ngano. Wako watu wachache ambao utumbo wao huumizwa na gluteni, protini iliyomo katika ngano. Wakiila huharisha, hukonda na kupungukiwa na damu. Hao wanaweza kula wali bila wasiwasi, lakini orzo itawadhuru kama mkate. Naye mwenye mzio wa mayai asome pakiti ya tagliatelle vizuri, maana mara nyingi hukandwa kwa mayai.

Zile tambi zilizojikunja, zenye kijipakiti cha viungo, si za Kiitaliano. Nyingi hukaangwa kwa mafuta kiwandani. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima ale chumvi isiyofika gramu 5 kwa siku, na baadhi ya pakiti hizo zina zaidi ya nusu ya kiasi hicho. Mwenye shinikizo la damu atupe kile kijipakiti.

Kama una kisukari na kipimo cha nyumbani, pima kabla ya kula na saa mbili baadaye, siku ya wali na siku ya tambi, kwa kiasi kile kile, kisha umletee daktari wako tarakimu hizo. Anayedungwa insulini asipunguze chakula ghafla kabla ya kuuliza kuhusu dozi yake, kwani sukari inaweza kushuka hadi akazirai.