Maji, Choo na Sabuni: Kwa Nini Walimu Hupewa Mafunzo

Shule inaweza kuwa na tangi jipya na vyoo vilivyopakwa rangi, na bado watoto wakaendelea kuharisha. Tangi halimfundishi mtoto kunawa. Mwalimu ndiye humfundisha. Ndiyo maana walimu hupewa mafunzo kuhusu maji safi na usafi.

Mafunzo huanza na namna maradhi yanavyosambaa. Vijidudu hutoka kwenye kinyesi na kufika mdomoni kupitia mikono, nzi, maji au chakula. Hivyo ndivyo kipindupindu na homa ya matumbo huenea. Mwalimu akizielewa njia hizo, huwaonyesha wanafunzi pa kuzikata: choo kinachofunikwa, maji yaliyochemshwa au kutiwa dawa, na mikono iliyonawa kwa sabuni kwa sekunde 20 au zaidi baada ya kutoka chooni na kabla ya kula. Huku Pwani, kichocho nacho hutajwa, kwa kuwa mtoto huambukizwa akioga au kucheza kwenye mto au bwawa lenye konokono wanaobeba vimelea vyake.

Sehemu ya pili ni ya vitendo. Mtungi wa lita 5 hutobolewa, huning'inizwa kwa kamba na kufungwa kijiti cha kukanyagia. Mtoto hunawa bila kuugusa mtungi, na maji hayamwagiki ovyo. Pale ambapo maji hununuliwa kwa mtungi, hilo si jambo dogo.

Walimu pia hujifunza kukagua shule zao. Kiwango cha kitaifa ni tundu moja la choo kwa wasichana 25 na moja kwa wavulana 30. Kwa hivyo shule yenye wasichana 200 inahitaji matundu 8. Tangu mwaka wa 2017, sheria inaitaka serikali kuwapa wasichana shuleni sodo bila malipo. Lakini sodo pekee haitoshi iwapo mlango wa choo haufungiki na hakuna maji. Msichana atabaki nyumbani, na masomo yatampita. Walimu wa kiume nao hufunzwa kulizungumzia jambo hili bila kumwaibisha mtoto.

Wazazi wajue pa kupeleka malalamiko. Kwa mujibu wa Katiba, elimu ya chekechea, huduma za maji na afya ya mashinani ni jukumu la kaunti. Anzia kwa msimamizi wa wadi. Shule za msingi ziko chini ya Serikali ya Kitaifa. Anzia kwa bodi ya usimamizi ya shule.

Mafunzo haya hufifia sabuni inapokwisha. Katika mkutano ujao wa wazazi, uliza maswali matatu: Sabuni ya muhula huu imetengewa pesa? Ni nani hujaza maji kila asubuhi? Milango ya vyoo vya wasichana inafungika?